Sauti Inayokushitaki Usiku: Je, Ni Dhamiri?



Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya mtu wa tatu anayelala katika vyumba vyetu. Msishtuke, simsemi hawara. Nasema ile sauti inayoanza kazi yake mara tu taa inapozimwa. Mwenzako amelala, watoto wamelala, mwanga wa mulika mwizi unapenya kwenye pazia, nawe umekodoa macho ukiangalia mabati. Ndipo sauti inaanza: "Wewe ni bure. Wenzako wamejenga, wewe bado unasumbuliwa na kodi. Mwanamke gani wewe? Mume gani wewe?"

Wengi wetu tumeizoea sauti hii kiasi kwamba hatujawahi kuiuliza imetoka wapi. Wengine tunaiogopa, kwa sababu tunadhani ni dhamiri, na dhamiri tulifundishwa kuiheshimu. Mimi mwenyewe, pamoja na kufundisha katekisimu kwa miaka mingi hapa Ayany, nilifanya kosa hilo, na kosa langu karibu livunje nyumba ya watu. Ndiyo sababu ninaandika.

KOSA LANGU

Kuna bwana mmoja wa mtaani ambaye alipoteza kazi katika kiwanda kimoja cha Industrial Area. Kila alfajiri alitoka kwa miguu pamoja na wenzake kwenda kusimama kwenye malango ya viwanda kutafuta kibarua. Siku nyingi hakupata. Jioni alianza kuchelewa kurudi. Mkewe, anayeuza mboga, akafikiri mume amepata mwanamke mwingine. Kumbe bwana yule alikuwa akikaa peke yake karibu na reli mpaka watoto walale, ili asiwaangalie machoni akiwa mikono mitupu.

Siku moja baada ya sala ya jumuiya alinivuta kando. Aliniambia, "Katekista, kuna sauti moyoni mwangu inaniambia mimi si mtu wa maana." Mimi nikajibu haraka, bila kufikiri: "Ndugu yangu, hiyo ni dhamiri. Ichunguze vizuri, pengine kuna dhambi hujaiungama." Akaenda kuungama. Akarudi tena wiki iliyofuata, na tena iliyofuata, dhambi zile zile. Badala ya kupata amani alizidi kukonda. Nilikuwa nimeichukua sauti ile nikaivika kanzu.

Mambo yalibadilika siku nilipowatembelea nyumbani wote wawili. Mkewe alimwuliza swali ambalo mimi sikuwa nimeliwaza: "Baba, hiyo sauti inakuambia vipi hasa?" Bwana akanyamaza kidogo, kisha akatamka maneno yenyewe. Hakuyatamka kwa Kiswahili, ingawa Kiswahili ndicho wanachozungumza nyumbani mwao kila siku. Aliyatamka kwa lugha ya kwao kijijini, na mwisho wa maneno yale palikuwa na jina la utotoni ambalo mkewe hakuwahi kulisikia.

"Nani alikuwa akikuita jina hilo?" mama akauliza.

"Mzee. Baba yangu."

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Mzee huyo alifariki zamani. Lakini kila usiku alikuwa bado anamgombeza mwanawe kwa maneno yale yale aliyoyasema ng'ombe walipopotea, mtoto akiwa na umri wa miaka tisa.

SAUTI HUTOKA WAPI?

Niliporudi nyumbani usiku ule, nilijiuliza: na yangu je, inaongea lugha gani? Nikaona kwamba yangu inaongea Kiingereza. Kila ninaposimama mbele ya watu kusoma tangazo lenye neno gumu, sauti inaniambia kwa Kiingereza kwamba mimi ni mjinga. Mke wangu hajawahi kusema nami kwa Kiingereza, wala mama yangu. Ni Kiingereza cha darasani.

Wasomaji wa umri wangu wanakumbuka diski. Ukikutwa ukisema lugha ya nyumbani shuleni, ulivishwa kibao shingoni, ukatembea nacho mpaka umkamate mwenzako umpe yeye. Jioni waliokipitisha wote walichapwa. Desturi hii ni ya zamani. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa Limuru mwaka wa 1938 na kufariki mwaka wa 2025, aliieleza katika kitabu chake Decolonising the Mind cha mwaka wa 1986. Anasimulia jinsi baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka wa 1952 Kiingereza kilivyotawala shuleni, na mtoto aliyenaswa akisema Gĩkũyũ alipigwa viboko, au akavishwa bamba la chuma lililomtangaza kuwa mjinga au punda. Fikiria, msomaji. Bamba la shingoni huvuliwa jioni. Lakini maneno yaliyoandikwa juu yake yanaweza kubaki ndani ya mtu miaka hamsini.

Jinsi maneno ya nje yanavyoingia ndani, wataalamu wameeleza. Msomi mmoja wa Urusi, Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka wa 1934, aliwatazama watoto wadogo wakicheza na kufanya kazi ngumu. Aliona kwamba mtoto hujisemesha kwa sauti: "Weka hapa. Sasa hiki. Hapana, si hivyo." Maneno hayo ni yale aliyoyasikia kwa wakubwa waliomwelekeza. Akikua kidogo, hunong'ona. Akikua zaidi, hunyamaza, lakini maneno hayajaisha. Yameingia ndani na kuwa mawazo. Naye daktari Sigmund Freud wa Vienna aliandika mwaka wa 1923 kwamba ile sehemu ya nafsi inayotuhukumu hujengwa kwa kiasi kikubwa kutokana na wazazi wetu. Si lazima tukubaliane na yote aliyoyafundisha Freud, lakini hapa mtu yeyote aliyelea mtoto anaweza kushuhudia. Msikilize binti yako akimgombeza mwanasesere wake. Utajisikia mwenyewe.

Kwa hiyo mtoto hazaliwi akijidharau. Kwanza hudharauliwa na mtu, kisha hujifunza kujifanyia kazi hiyo mwenyewe. Aliyemwambia "Mbona huwi kama ndugu yako?" anaenda zake, lakini swali linabaki. Mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1985 na kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, ulitupa wengi wetu namba ya kujipimia. Miaka yetu jumla ilikuwa alama 700. Nawajua wazee wenye wajukuu ambao hadi leo wanakumbuka alama zao kuliko tarehe ya ndoa yao, na wanajihesabu kwa alama hizo.

Umaskini pia una sauti yake. Mtu akikataliwa kwenye lango la kiwanda mara ishirini, hasemi tena "Kazi hakuna." Anasema "Mimi sifai." Jambo la soko amelifanya kuwa jambo la nafsi.

DHAMIRI NA MSHITAKI

Hapa ndipo penye swali lenyewe. Kama sauti hii ilitoka kwa baba, kwa mwalimu na kwa shida, je, dhamiri nayo si hivyo hivyo? Maana hata mema tulifundishwa na wazazi. Mtu anaweza kusema: basi tuzime zote, tusisikilize yoyote.

Hapana. Ni kweli kwamba dhamiri hulelewa na watu. Lakini Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka wa 1965, ulitufundisha kwamba katika dhamiri mtu anakutana na sheria ambayo hakujitungia, na kwamba mahali hapo pa siri yuko peke yake na Mungu. Peke yake, yaani mzee wako hayupo hapo akiwa na fimbo, wala mwalimu na diski yake. Tunatofautishaje, basi? Nawapa alama tatu, ambazo nimezijaribu kwangu na kwa wengine.

Kwanza, dhamiri hutaja tendo, mshitaki hutaja mtu. Dhamiri inasema: "Jana ulimdanganya mkeo juu ya zile shilingi mia tano." Mshitaki anasema: "Wewe ni mwongo tangu kuzaliwa." La kwanza unaweza kulijibu. La pili halina jibu.

Pili, dhamiri huonyesha njia ya kutengeneza. Inasema: nenda, mwambie, rudisha, omba radhi. Mshitaki haonyeshi njia yoyote. Anafunga mlango na kukuacha ndani.

Tatu, dhamiri ikisikilizwa hutulia. Mshitaki hashibi. Ungama, lipa, omba msamaha, kesho yupo pale pale. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliyajua haya kwa mateso. Mwaka wa 1522, akiwa Manresa huko Hispania, aliungama dhambi zake zote kwa makini, lakini shaka haikumwacha: huenda amesahau moja, huenda hakuieleza vizuri. Aliungama tena na tena. Alifikia hata kushawishika kujiua. Alikaa juma zima bila kula akitumaini kupona, mpaka padre wake alipomwamuru ale. Mwishowe aliamua kutozirudia tena dhambi za zamani katika kitubio, kwa kuwa aliona wazi kwamba msukumo ule haukutoka kwa Mungu. Mtu yule ndiye baadaye aliyewafundisha wengine kupambanua sauti za ndani.

Mnakumbuka pia Petro na Yuda. Wote wawili walikosa usiku mmoja. Petro alilia, akabaki na wenzake, na asubuhi moja ziwani akaulizwa kama anapenda. Hakuulizwa kwa nini alikana. Yuda alibaki peke yake na sauti ya hukumu, ikammaliza. Tofauti yao haikuwa ukubwa wa kosa tu. Kila mmoja alisikiliza sauti yake.

KUJITILIA SHAKA KUNAKOFAA

Mtu ataniuliza: "Katekista, unataka watu wasijilaumu kabisa? Si tutakuwa na wenye kiburi watupu?" Ni swali la haki. Kuna shaka njema. Seremala anayerudia kupima mbao kabla ya kuikata anatilia shaka kipimo chake, na kazi yake inakuwa bora. Mama anayejiuliza, "Je, leo nimemwonea huyu mtoto?" anafanya vizuri. Hiyo ni shaka juu ya kazi. Ubaya unaanza pale shaka inapohama kutoka kwenye kazi na kuingia kwenye thamani ya mtu mwenyewe. Hapo mtu haachi kukosea. Anaacha kujaribu. Bwana yule wa relini hakuwa mnyenyekevu zaidi kwa kujidharau. Alikuwa tu mbali zaidi na mkewe na watoto wake.

Tena niseme wazi: mume anayempiga mkewe kisha analala usingizi mzuri asichukue makala haya kuwa kinga. Akisikia moyoni "Umefanya vibaya," huyo si mshitaki, hiyo ni dhamiri, na imechelewa. Kinyume chake, mke anayepigwa na huku anaambiwa na sauti ya ndani kwamba ni kosa lake, ajue kwamba sauti hiyo inasema uongo. Atafute watu wa kumsaidia leo, asingoje mwezi ujao.

WANANDOA WAFANYE NINI?

Mpendwa msomaji, ndoa ina nafasi ambayo hata padre hana. Wewe ndiwe uliye karibu na mwenzako usiku wakati mshitaki anapokuja. Unaweza kuwa wakili wake, au unaweza kuwa shahidi wa upande wa mashitaka. Nawashauri mambo haya.

1. Uliza sauti inasema nini hasa. Usikimbilie "Acha mawazo." Uliza kama mama yule: inasema maneno gani, kwa lugha gani, na uliyasikia kwa mara ya kwanza wapi? Mara nyingi mtu akiyasema maneno yale kwa kinywa chake mbele ya mtu anayempenda, ndipo anapoyatambua mwenyewe.

2. Usitoe ushahidi. Siku ya hasira mdomo hutafuta neno linalouma, na mtu uliyeishi naye unajua lilipo. "Hata kodi imekushinda." "Ndiyo maana dada zako wanakudharau." "Kupika tu huwezi." Wewe unasema mara moja na kusahau. Mwenzako analisikia mara mia. Kidonda cha maneno hakiponi upesi. Gombaneni juu ya jambo, msigombane juu ya mtu.

3. Usimsifu kwa uongo. Mtu anayejidharau hudhani unamwonea huruma. Mwambie jambo uliloliona: "Leo mtoto alikuwa na homa, ukaamka mara tatu." Jambo lililotokea haliwezi kubishiwa.

4. Ungama tendo, mara moja. Ukishasamehewa katika kitubio, usirudi kulichimbua kaburi hilo. Kama shaka hairudi nyuma, mweleze padre shaka yenyewe, umtii akikuambia utulie.

5. Chungeni ndimi mbele ya watoto. Viboko vilipigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka wa 2013 inakataza pia kumtesa mwanafunzi kwa njia ya kumwumiza akili. Lakini askari haingii kwetu jioni wakati kitabu cha hesabu kimefunguliwa mezani nasi tumechoka. Mtume Paulo aliwaonya akina baba wa Kolosai wasiwachokoze watoto wao hata wakavunjika moyo. Maneno tunayosema leo ndiyo sauti watakayoisikia wakiwa na umri wa miaka arobaini, sisi tukiwa kaburini. Na ukikosea, mwombe mtoto radhi. Hutapungukiwa na heshima. Utakuwa umempa sauti ya pili ya kuijibu ile ya kwanza.

6. Jueni wakati wa kwenda hospitali. Kama mwenzako halali wiki nyingi, hali, hana raha na chochote, au anasema ni heri afe, hilo ni jambo la daktari pamoja na sala, si sala peke yake. Nendeni kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Mathari. Msimwache peke yake. Na msiogope polisi: mwezi wa Januari mwaka wa 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria iliyofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai inakwenda kinyume cha Katiba.

MWISHO

Mtapenda kujua bwana yule yuko wapi. Hajapata kazi ya kudumu. Sauti ya mzee wake haijanyamaza, na nadhani haitanyamaza kabisa. Lakini siku chache baada ya mazungumzo yale alirudi nyumbani kabla ya saa kumi na mbili jioni, watoto wakiwa macho. Alitoa mfukoni shilingi hamsini akaziweka mezani. Alisema, "Leo ni hizi tu." Mama akazichukua, akamtuma mtoto dukani kununua maziwa, wakanywa chai wote pamoja. Aliniambia baadaye kwamba sauti ilikuwepo hata pale mezani, lakini kelele za watoto zilikuwa kubwa kuliko yake.

Mimi nilimwomba msamaha kwa ushauri niliompa mwanzoni. Alicheka, akasema, "Katekista, hilo ni tendo. Limeisha."

Maswali ya kuzungumza ninyi wawili, watoto wakishalala:

1. Sauti inayonishitaki husema maneno gani, na ninadhani ni ya nani?

2. Kuna neno niliwahi kukuambia ambalo bado unalisikia?

3. Tungependa watoto wetu wasikie nini ndani yao siku watakaposhindwa?

Msijibu yote usiku mmoja. Anzeni na la pili.